Mlango wa Kushoto

Fundi alikiri kabla hajaulizwa, na hapo ndipo Inspekta alipoanza kukosa usingizi. Alikuwa amezoea watuhumiwa wanaokana mpaka majina waliyopewa na mama zao. Huyu aliwafungulia polisi geti, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepimwa shati, akasema, "Nimemuua mimi. Twendeni."

Aliyeuawa alijulikana mji mzima kama Bwana Skafu, kwa sababu alivaa skafu shingoni hata siku ambazo lami ilikuwa inayeyuka. Alikuwa na gari la zamani la Kiingereza, la mbio, la viti viwili, lisilo na paa, na alilipenda kuliko ndugu zake. Ndugu walilijua hilo na hawakulifurahia. Alilipeleka kwa Fundi litengenezwe ndani: viti, mbao za dashibodi, ngozi za milango, kapeti, kila kitu kinachoguswa na mkono au makalio. Mchana mmoja akaenda kuliangalia, hakurudi. Mwili wake uliokotwa kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa zamani, skafu ikiwa shingoni, imefungwa vizuri kana kwamba marehemu anaelekea kupigwa picha.

Maelezo ya Fundi yalikuwa mafupi kuliko risiti ya dukani. Tuligombana. Nilimpiga na nyundo, pale getini. Basi.

Daktari aliyeupasua mwili alisoma maelezo hayo, akavua miwani. "Nyundo gani hii yenye ncha?" Jeraha lilikuwa chini ya mbavu, jembamba, limezama. Na pale getini, Inspekta alitambaa kama mtoto anayeota meno, asipate hata tone moja la damu.

Mkuu wa kituo hakutaka kusikia. "Mtu amekiri, wewe unataka na kubembelezwa?" Kesho asubuhi Fundi angepelekwa mahakamani, na jalada lingetoka mikononi mwa Inspekta. Fundi alikuwa na kifua kilichojaa vumbi la msasa la umri wake wote. Usiku, mahabusu wenzake walikuwa wakimgongea ukuta apunguze kukohoa. Gerezani asingeumaliza msimu wa mvua.

Ndiyo maana asubuhi ile, siku moja kabla ya mahakama, Inspekta alikuwa amesimama nje ya karakana, na Koplo wake pembeni, wakisubiri kufuli lifunguliwe. Koplo alikuwa mwanamke mwenye mdomo usiofungwa kwa komeo. Sketi yake ya sare alijishonea mwenyewe, kwa madai kwamba zile za serikali zilikatwa kwa kipimo cha gunia.

"Afande," alisema, "mtu akikiri, kwa kawaida sisi huenda kunywa chai."

"Utakunywa."

"Lini?"

"Akikanusha."

Aliyekuwa akihangaika na kufuli ni binti wa Fundi, aliyetoka kumpeleka mwanawe shule. Alikuwa mshona nguo, na kibanda chake kiliegemeana ukuta na karakana ya baba yake. Sindano mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye kola ya gauni lake, na futi ya kupimia ilining'inia shingoni.

"Afande, baba hajamuua mtu," alisema bila kugeuka. "Anakohoa damu sasa. Mtoe, hata kwa dhamana. Nitasema chochote unachotaka niseme."

"Mimi sitaki unachodhani nakitaka. Nataka kilichotokea."

Binti alijaribu ufunguo uleule mara ya pili. Safari hii ulikubali.

Ndani kulinuka gundi, vanishi na ngozi mbichi. Gari lilikaa katikati, kijani nje, ngozi nyekundu iliyokolea ndani, dogo kiasi kwamba ungedhani limefuliwa likasinyaa. Inspekta alilizunguka polepole. Mshono wa viti ulikwenda sawa kama reli. Dashibodi ilikuwa ya mbao yenye mawimbi, iliyopigwa msasa na kupakwa vanishi tabaka juu ya tabaka hata Koplo akajiona humo, akarekebisha kofia.

"Huyu mzee ana mkono," alisema. "Mimi fundi wangu alinishonea mto wa kiti, ukikalia unapiga kelele kama bata."

Inspekta hakucheka. Alikuwa anatazama ukuta wa nyuma. Kwenye misumari vilining'inia vipande vya zamani vya gari lilelile: vifuniko vya viti viwili, vimepasuka na kukauka kama maganda ya mhogo, kifuniko cha gia, ngozi ya dashibodi, ubao wa mlango wa kulia, umevimba kwa unyevu.

"Takataka hizi mbona zinatunzwa kama picha za ukoo?"

"Si takataka, Afande," binti alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipata uhai kidogo. "Hivyo ndivyo vipimo vyenyewe. Baba huweka cha zamani juu ya ubao mpya, anachora kwa chaki, anakata kwa kuufuata mstari. Futi hagusi, anasema gari la zamani limepinda na futi haijui. Na hatupi kitu. Vinakaa hapo mpaka mwenye gari aondoke na gari lake. Mteja akilalamika, anaonyeshwa alikotoka."

"Cha kulia nakiona. Cha kushoto kiko wapi?"

Kulikuwa na msumari mmoja mtupu. Chini yake, ukutani, rangi ilikuwa safi, umbo zima la mlango, mahali ambapo moshi na vumbi havikuwahi kufika.

"Kilioza," binti alisema.

"Kilioza kikiwa ukutani?"

"Maji yaliingia."

"Yakachagua hicho kimoja."

Hapohapo geti lilisukumwa kwa kishindo, akaingia mtu aliyependeza kuliko msiba ulivyoruhusu. Alikuwa mdogo wake Bwana Skafu. Shingoni alikuwa amevaa mojawapo ya skafu za kaka yake.

"Afande, udongo wa kaburi haujakauka na mimi bado nasubiri gari. Ni urithi. Nitalichukua lini?"

"Kaka yako umeshamaliza kumlilia?"

"Naweza kulia huku naendesha."

Koplo alikohoa kuficha kicheko. Inspekta hakuficha chochote, alikuwa anamtazama mtu huyu kwa tamaa, kama mwenye njaa anavyotazama dirisha la mkahawa. Muuaji aliyemfaa ni huyu. Alilitaka gari, alimchukia kaka yake, hakujua kuona aibu. Tatizo lilikuwa moja: mchana ule marehemu alipopotea, mdogo mtu alikuwa amelazwa hospitali, dripu mkononi. Inspekta alikuwa amekwenda kumuuliza nesi, akiomba njiani kote nesi akane. Nesi alithibitisha kwa uchungu mkubwa. Mgonjwa alimsumbua mpaka alfajiri, akitaka mto mwingine.

"Uliporuhusiwa asubuhi ile ulikuja hapa," Inspekta alisema. "Kwa nini?"

"Kumtafuta kaka. Simu yake haikushikwa."

"Ulikuta nini?"

"Fundi anapaka vanishi dashibodi, macho mekundu kama mtu aliyekesha kwenye moshi. Akaniambia kaka alikuja akaondoka. Nikalizunguka gari. Lilikuwa tayari."

"Tayari kabisa? Milango?"

"Yote imevaa. Huu wa kushoto ulinuka gundi mpaka nikapiga chafya, muulize huyu binti, aliniambia pole." Alimgeukia. "Si uliniambia pole?"

"Nilikwambia," binti alisema chini chini.

"Basi. Mtu ana adabu. Afande, gari?"

"Nenda nyumbani. Na skafu hiyo inabana, unaanza kubadilika rangi."

Mdogo mtu alitoka akijishika shingo. Karibu wakati huohuo sauti ya kike iliita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Dada! Gauni langu, au nivae shuka?" Binti aliangalia gari, akamwangalia Inspekta, akaangalia tena gari.

"Nenda, mteja wako yuko," Inspekta alisema. "Sisi tunashangaa tu."

Alipotoka, Inspekta alichukua bisibisi mezani, akapiga goti kwenye mlango wa kushoto, upande wa abiria.

Kwa mbali ungeupita bila kuona kitu. Kwa karibu ulikuwa kama meno ya bandia ya kuazima. Ngozi ilikunjamana kwenye kona ya chini. Ubao ulizidi upande mmoja na kupungua mwingine, na kila skrubu ilikuwa imetafuta tundu lake zaidi ya mara moja kabla ya kukata tamaa na kukaa ilipokaa.

"Aliyetengeneza hiki hakuwa na cha zamani mbele yake," Inspekta alisema. "Alipima kwa futi."

"Mzee hagusi futi," Koplo alisema.

"Tumeambiwa hivyo. Kwa hiyo cha zamani kilitoweka kabla kipya hakijakatwa. Fundi anaacha vipande vyote msumarini, anaondoa kimoja, kile anachokihitaji kuliko vyote. Kwa nini?"

"Kilichafuka."

"Na kitu kisichofutika kwenye ubao. Hakufa getini, Koplo. Alifia kwenye kiti hiki, au mlangoni hapa, cha zamani kikiwa kimerudishwa mahali pake."

"Na kwa nini asiache mlango mtupu?"

"Gari zima limevaa, mlango mmoja uchi? Kila anayeingia angeuliza. Na ndugu alikuja asubuhi yake."

Aliung'oa ubao, akaugeuza. Koplo aliinama.

Nyuma ya ubao, pale ngozi ilipokunjwa kuzunguka kona, ilikuwa imekatwa vipembetatu vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu sana.

"Shingo ya gauni," Koplo alisema. "Ukikunja shingo ya duara unakata hivi, ili kitambaa kilale. Na hapa, Afande. Lete hiyo tochi."

Mfuko wa ngozi ulikuwa umeshonwa upande wa chini wa ubao. Kando ya mshono wa cherehani kulikuwa na mstari mwingine wa matundu, makubwa, yaliyoachana, hayana uzi ndani.

"Hayo ni nini?"

"Bandi." Koplo aliyapitia kwa ukucha. "Kabla ya kupitisha nguo kwenye cherehani, unaishika kwanza kwa sindano ya mkono, mishono mirefu, isiteleze. Ukimaliza kushona, unazivuta zile nyuzi unatupa. Kwenye kitambaa matundu yanajifunga, hakuna atakayejua. Lakini hii ni ngozi. Fundi wa viti hawezi kupiga bandi kwenye ngozi, Afande, hata akiwa amelewa. Tundu likitoboka limetoboka."

Ukuta kati ya karakana na kibanda ulikuwa wa mbao zilizoachana. Inspekta alisogea, akachungulia. Binti alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja mnene anayelalamika kiuno, na pindo lote la gauni lilikuwa limeshikwa kwa nyuzi nyeupe, mishono mirefu, iliyoachana. Mezani kila kitu kilikuwa kikuukuu: cherehani, pasi, hata chaki zilikuwa vipande. Isipokuwa mkasi. Mkasi ulikuwa mpya, karatasi ya dukani bado imeng'ang'ania mpini.

Inspekta alirudi, akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari.

"Rudisha skrubu, Afande," Koplo alisema. Hakuwa anatania tena. "Rudisha, tuondoke. Mtu si amekiri?"

"Jeraha ni la kitu chenye ncha."

"Nimeona mkasi. Na mimi nina macho."

"Amekuja kuniomba nimtoe baba yake."

"Basi umwambie imeshindikana. Ni neno moja tu."

Inspekta aliushika ubao mikononi kwa muda, kisha akaanza kuufungua na ule wa mlango wa kulia.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na saa ya ukutani iliyotembea inapojisikia. Inspekta aliweka mbao zote mbili mezani, kulia na kushoto. Fundi aliletwa akikohoa, akaketi, akazitazama mara moja, kisha akatazama ukuta.

"Ipi kazi yako?"

"Zote."

"Ziangalie vizuri."

"Naijua kazi yangu, mwanangu. Huhitaji kunionyesha."

"Hii ya kushoto ulimkabidhi nani? Katika maisha yako umewahi kumpa mteja kitu kama hiki?"

Fundi aliusukuma ubao mbali kidogo. Ilikuwa kama kumwomba mtu akubali mbele za watu kwamba ananuka. "Siku ile mkono ulitetemeka."

"Mkono uleule uliopaka dashibodi asubuhi yake, mpaka Koplo wangu akajiona humo?"

"Ulikuwa umetulia tena."

"Kwa nini hukuirudia?"

"Ngozi ilikwisha. Aliagiza moja tu, kutoka nje. Yalibaki mapande." Hapo alisema kweli, na wote wawili walijua, kwa sababu sauti yake ilipumzika kidogo.

"Fundi, mkono ukitetemeka unapindisha mshono. Hautoboi matundu ya bandi."

Mzee alinyoosha mkono, akaugeuza ule ubao wa kushoto kifudifudi, taratibu, kama mtu anayemfunika aliyelala. Sasa vile vipembetatu vikawa juu. Akaugeuza tena.

"Nina kifua hiki," alisema. "Daktari wenu amekisikiliza. Mimi ni wa kuondoka tu, leo au mvua zikija. Unapata muuaji, unafunga jalada, mkuu wako anafurahi. Nani anapungukiwa? Niambie, nani?"

"Alimfanya nini?"

"Ni mimi niliyegombana naye."

"Mzee wangu, alimfanya nini?"

Kikohozi kilimchukua, kikamtikisa mpaka meza ikagonga ukuta. Kilipomwachia mlango ulikuwa wazi. Askari wa zamu, aliyezoea kumpitisha binti kila siku wakati huu bila kumuuliza, alikuwa amempitisha na leo. Binti alisimama kizingitini na sufuria ndogo ya uji imefungwa kwa kitambaa. Nyuma yake alikuwepo Koplo, aliyekuwa amekimbia kumzuia na hakuwahi.

Binti aliona mezani.

"Mama, nenda nyumbani," Fundi alisema haraka. "Uji utanipa kesho. Afande tumeshamaliza, anataka sahihi tu. Nenda."

Alikuja hata hivyo. Aliweka sufuria chini, akapitisha kidole juu ya ule mstari wa matundu, mwanzo hadi mwisho.

"Nilipiga bandi, baba."

"Nyamaza."

"Ulikuwa umeniambia nishone tu, niwahi kabla hujarudi kutoka kule machimboni. Niliogopa itateleza. Nilidhani yatajifunga."

"Ngozi haijifungi, mama," mzee alisema, na akajiziba mdomo. Alikuwa amemfundisha mtu, kama alivyofundisha siku zote, na somo lilikuwa limeshatoka.

Inspekta alivuta kiti cha tatu, binti akakaa.

"Yule bwana alikuja baba akiwa ametoka kutafuta klipu za milango, ubao wa zamani ameupachika mlangoni kujaribu," alisema, akiuangalia ubao. "Alisema nijaribu kiti cha abiria, aone kama mwanamke anakaa vizuri. Alikuwa anacheka. Kisha akaacha kucheka. Mlango ule hufungukia nje tu ukiachiwa, na yeye aliushika. Mkasi nilikuwa nimeingia nao mkononi, nilikuwa nakata pindo. Baba aliporudi nilikuwa bado nimekaa."

"Mngeniita siku ile," Inspekta alisema. Sauti yake haikuwa ya kulaumu. Ilikuwa imechoka. "Siku ile ile, mwili ukiwa hapo, mlango ukiwa hapo, mkono wako ukiwa na alama zake. Sheria ingekuwa na pa kushika. Sasa mwili umehamishwa. Ubao umechomwa, siyo? Mkasi?"

"Mtoni," Fundi alisema.

"Mkasi mtoni. Na maelezo ya uongo yana sahihi ya mzee. Nikiandika ukweli, wewe unaingia kwa kuua na yeye anaingia kwa kuficha. Nisipoandika, anakufa yeye peke yake, na mdogo wa marehemu anaendesha gari hilo mjini, na ubao huu mlangoni."

"Usiandike," Fundi alisema.

"Andika," binti alisema.

"Mwanangu, nakuomba. Nimeifunga mimi skafu ya yule bwana, nikasema angalau aende nadhifu, alikuwa mteja. Nimefanya yote hayo. Usiyamwage."

"Baba, unakohoa damu kwa ajili ya mshono wangu."

"Mshono wako ni mbaya sana," mzee alisema, na machozi yakamtoka. "Mbaya mno. Lakini ni wangu. Nimeshasema ni wangu, Afande amesikia."

Inspekta alikuwa na kalamu mkononi. Aliitazama kama chombo ambacho hakujua matumizi yake. Kisha akaivuta karatasi mpya, akaandika tarehe, na chini yake hakuandika kitu kwa muda. Mwishowe akaandika jina la binti. Fundi alifuata kalamu hiyo kwa macho mpaka ilipomaliza, akainamisha kichwa juu ya meza, paji la uso kwenye ubao wa kulia, ule mzuri.

Koplo alikuwa bado mlangoni.

"Dada," aliuliza, "una mtoto wewe, si ndiyo? Anatoka shule saa ngapi?"

"Saa saba," walijibu baba na binti, kwa pamoja.

Koplo alitazama saa ya ukutani, ambayo haikuwa inatembea. Akavaa kofia yake, akatoka.